Ukigusa, Umecheza

Mke wangu alianza kunifundisha chesi mwezi ule aliposhindwa kumeza ugali. Sisemi hivyo kutafuta huruma, ndivyo mambo yalivyofuatana. Kwanza ugali ulimkwama, tukacheka, nikamwambia atafune vizuri kama watu wengine. Baadaye ikawa wali, halafu viazi vya kuponda, na tulipofika kwenye uji tulikuwa tumeshatoka hospitali kubwa kule Bomet tukiwa na jina la ugonjwa. Saratani ya koo la chakula. Huku kwetu si mgeni huyo. Hakuna mlima usio na nyumba mbili tatu zilizozika mtu kwa ajili yake, na kila jirani ana maelezo yake: chai ya moto mno, masizi ya kwenye kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, dawa za kunyunyizia mahindi, dhambi. Mimi maelezo yote yalinikasirisha, hata yale yaliyokuwa na akili.

Yeye hayuko tena. Nasema mapema ili msomaji asikae akitumaini, kwa sababu mimi nilikaa nikitumaini na haikunisaidia.

Alikuwa wa watu wa ziwani, ila alizaliwa huku huku, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, baba yake akiwa fundi wa kiwandani. Mimi ni Mkipsigis wa hapa chini ya Sosiot, mwenye kishamba cha chai na ng'ombe wawili watatu. Tulipooana, ndugu zangu walinuna na ndugu zake wakanuna zaidi. Nilimtongoza kwa Kiswahili changu kibovu, akanikubali kwa chake kilichokuwa na nafuu kidogo, na hicho ndicho tulichoendelea kuzungumza nyumbani mpaka watoto wakakua na kutucheka. Lugha yangu alikuja kuielewa yote. Kuizungumza alikataa, akisema hataki kuchekwa na wifi zake.

Chesi aliijua tangu utotoni. Katika jumba la burudani la wafanyakazi kulikuwa na ubao, na baba yake, akitoka zamu, alicheza naye kwa kuwa wenzake wote walipenda drafti. Nyumbani kwao pia walikuwa na ubao, na huo ndio alioolewa nao. Ulikaa chini ya kitanda chetu miaka yote ile, nami sikuwahi kuuliza ni wa nini. Askari mmoja mweusi alikuwa amepotea, na mahali pake palikaa kifuniko cha chupa ya dawa ya ng'ombe.

Ugonjwa ulipoingia, saa ya kula ndiyo ikawa saa mbaya kuliko zote nyumbani. Mimi siwezi kukaa mezani nikila mbele ya mtu mwenye njaa asiyeweza kumeza, na yeye hakutaka nishinde njaa kwa ajili yake. Tukawa tunatazamana juu ya sufuria. Mchana mmoja akachoka na upuuzi huo. Akaniambia nile haraka jikoni nimalize, kisha niende sebuleni anifundishe kitu. Nikala nimesimama kando ya jiko, nikaramba vidole, nikaenda. Alikuwa ameshapanga kete juu ya kitambaa cha meza. Tangu siku hiyo, watu wengine wakila, sisi tulicheza.

Kujua njia za kete hakunisumbua. Farasi anaruka, askofu anakwenda mshazari, ngome inakwenda wima na mlalo, malkia anakwenda anakotaka kama wanawake wa kwao. Kilichonisumbua ni mkono wangu. Nimechuma chai tangu nikiwa mdogo kuliko kikapu, na mkono wa mchumaji hausubiri macho. Unapita juu ya kichaka, unagusa, unaonja kwa vidole, unavunja majani mawili na chipukizi, unaacha lililokomaa. Kwa hiyo nilipokaa mbele ya ubao, mkono ulikuwa unatembelea kete zote, unamshika huyu, unamwacha, unamshika yule, na mimi nikiwa bado sijafikiri lolote. Siku ya kwanza alininyamazia. Siku ya pili akanikamata kiganja katikati ya ziara yake.

"Mzee, hapa si shamba," akasema. "Ukigusa, umecheza."

Nilidhani ni mzaha. Nilikuwa nimemgusa malkia wangu vivi hivi, kama mtu anavyompapasa ng'ombe wake akipita. Akasisitiza kwamba sasa lazima nimsogeze malkia huyo huyo, hata kama hana mahali pazuri pa kwenda. Nikamsogeza, akamla. Nikabishana mpaka uji wake ukapoa. Mimi ni mtu wa ubishi, hata kasisi wetu anajua. Lakini yeye alisema maji yakimwagika hayazoleki, akaendelea na mchezo.

Baadaye, kwa kunionea huruma, akaniambia kuna njia moja ya kugusa bila kucheza. Kete ikiwa imekaa vibaya, imeegemea kando ya chumba chake cha ubaoni, unaweza kuinyoosha ikae katikati, lakini useme kwanza: napanga. Useme kabla ya kugusa. Ukisema baada, umechelewa. Basi nikaona mlango. Mchezo uliofuata nilikuwa nasema napanga kila pumzi. Napanga, huku nampapasa askofu. Napanga, huku naizungusha ngome. Kete zangu zikawa zimenyooka kuliko zote duniani. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na kikohozi kile hakikukatika upesi, na kilipokatika hakuna kati yetu aliyekuwa akicheka.

Nilivyoanza kuimarika ndivyo sheria zilivyoongezeka. Hapo nilimshuku, nasema kweli. Kila nikikaribia kushinda, sheria mpya inazaliwa. Siku moja alianza bila malkia na bila ngome zote mbili ili nipate nafasi, nikamlia kete moja moja mpaka akabaki na mfalme peke yake kwenye pembe. Nikamzingira kila upande nikajipiga kifua. Akauangalia ubao, akasema kwamba mfalme wake hana pa kwenda, ndiyo, ila mahali alipo hakuna aliyemtisha, na mfalme asiyetishwa na asiyeweza kusogea hajashindwa. Ni sare. Nikauliza sheria hiyo ilikuwa wapi jana.

Siku nyingine nilitaka kumwingiza mfalme wangu ngomeni, ile hatua moja ya ajabu ambayo mfalme na ngome husogea pamoja. Nikashika ngome kwanza. Akasema nimeshagusa ngome, basi ngome peke yake ndiyo itakayotembea, kwa kuwa hatua ile huanza kwa kumshika mfalme. Mchezo uliofuata nikamshika mfalme kwanza, akasema mfalme hawezi kupita katika chumba kinacholengwa na adui. Mchezo wa tatu njia ilikuwa nyeupe, akanikumbusha kwamba mfalme wangu aliwahi kutoka mahali pake akarudi, na aliyetoka hata akirudi haki hiyo imekwisha. Niliondoka nikaenda kukata majani ya ng'ombe bila kuaga.

Lakini iliyonimaliza ni ile ya askari. Askari wangu, kwa hatua yake ya kwanza, aliruka vyumba viwili kama anavyoruhusiwa, akatua ubavuni mwa askari wake. Yeye akamchukua askari wake, akamweka nyuma ya wangu, mahali pasipo na mtu, kisha akamtoa wangu ubaoni. Nikamwuliza kama ugonjwa umempanda kichwani. Ni neno baya, lakini tulikuwa tunazungumza hivyo, na hakulichukia. Akaeleza kwamba askari akiruka ili kumpita jirani yake, jirani ana haki ya kumla kana kwamba amesogea chumba kimoja tu, mradi amle papo hapo. Akingoja zamu moja, haki imepotea.

"Amepita kwa mlango ya mtu bila kusalimia," akasema. "Si hata nyinyi hamtaki hiyo maneno?"

Nikamwambia kwetu mtu akipita bila salamu tunamsema tu, hatumli. Kesho yake nilikuwa na shughuli Sosiot, nikamtafuta mwalimu mmoja kijana anayefundisha chesi katika shule ya sekondari, nikamwekea mashtaka yote mezani. Mwalimu akanisikiliza kwa adabu, akasema sheria zote ni za kweli, mama hajadanganya hata moja. Kisha, akiona nimefadhaika, akanipa moja ya kurudi nayo nyumbani: wachezaji wakienda hatua hamsini kila mmoja bila kete yoyote kuliwa na bila askari yeyote kusogea, mmoja anaweza kudai sare. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeibeba sheria hiyo kama kuku wa zawadi. Nikamwambia nina yangu ambayo hakuniambia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo naijua," akasema. "Hiyo ni ya watu wenye wako na wakati."

Nikapanga kete.

Mvua ndefu zilipoanza, sauti yake iliharibika. Ilikuwa ya mkwaruzo kwanza, kama mtu aliyelala bila blanketi, halafu ikawa mnong'ono, halafu asubuhi moja akafungua mdomo kuniambia kitu kuhusu maziwa na hakikutoka chochote. Daktari alikuwa ametuambia kwamba uvimbe unaweza kufika huko. Nilikuwa nimemsikia daktari, lakini kusikia ni jambo moja. Mwanamke huyu alinisema, akanituma, akanikosoa na kuniimbia miaka yote ya ndoa yetu, na sasa nyumba ilikuwa kimya hata nasikia ng'ombe wakitafuna nje. Niliumia kuliko nilivyoumia siku ya jina la ugonjwa.

Na watu wakabadilika. Dada yangu mkubwa, ambaye aliishi na mke wangu vizuri baada ya ule ununaji wa mwanzo, akawa anakuja kila siku kusaidia, Mungu ambariki. Lakini alipoingia aliniuliza mimi: amelala? Anasikia baridi? Atataka kuoshwa sasa au jioni? Yeye yuko pale, amekaa kwenye mto, macho yake meupe wazi, na tunaulizana kumhusu kwa Kipsigis kana kwamba haelewi. Na mimi nilijibu. Nilisema amelala vizuri, anataka kuoshwa jioni. Nilikuwa mkalimani wa mtu ambaye sikumuuliza lolote.

Binti yetu aliye Nairobi hakukubali kukaa bure. Alitafuta daktari mwingine, mkubwa zaidi, aliyesema kuna upasuaji mmoja ambao huenda ukajaribiwa. Huenda. Tulishika neno hilo sote wawili, yeye huko na mimi huku. Tukakodi gari kutoka Kericho lije Alhamisi limchukue mama mpaka Nairobi. Nilipomweleza mke wangu, aliinua kiganja akakipeleka huku na huku, polepole, mara kadhaa. Nilielewa. Mtu uliyeishi naye miaka hiyo yote, si lazima afungue mdomo ndipo ujue amesema hapana. Lakini mkono si mdomo, nikajiambia, labda amechoka tu. Nikampigia binti yetu nikamwambia mama amekubali.

Tuliendelea kucheza. Ubao sasa ulikaa juu ya sinia, na sinia juu ya mapaja yake. Alikuwa bado ananishinda, ila mikono ilikuwa imekonda na kutetemeka, na kusogeza kete moja kulimchukua muda. Jumatatu ya juma lile alinyoosha mkono kumchukua askofu. Niliona macho yake yako kwa askofu. Kidole kikatetemeka njiani kikampiga malkia wake kichwani.

Nilikuwa nangoja aseme kitu ndipo nikakumbuka kwamba hawezi. Nikamsemea.

"Ulikuwa unapanga," nikasema. "Nimeona, Mama. Endelea na askofu."

Akatikisa kichwa. Akarudisha mkono kwa malkia yule yule aliyemgusa bila kutaka, akamwinua. Alikuwa amebanwa, hakuna pa kumpeleka pasipo na mtu wangu anayelinda. Akamla askari wangu mmoja, mahali ambapo askari wangu mwingine alikuwa analinda, akamwacha malkia pale, akanitazama. Zamu yangu. Mtoto wa nasari angemwona. Kwa miezi nilikuwa nimemtamani malkia wake kama mvua ya Februari, na sasa yuko mshazari mbele ya askari wangu.

Nikasogeza farasi upande wa pili kabisa wa ubao.

Akaonyesha malkia kwa kidole, kisha askari wangu. Nikasema sijaona. Akaonyesha tena. Nikasema basi, nimeshacheza, ukigusa umecheza, zamu ni yake. Nilidhani nimekuwa mwerevu. Akanitazama, na usoni mwake nikaona kitu ambacho ugonjwa wenyewe haukuwa umekileta, alikuwa ameaibika. Akamshika mfalme wake, akamlaza ubavu taratibu katikati ya kete nyingine, akageukia ukuta.

Nilimpigia yule mwalimu wa Sosiot kumuuliza mfalme akilazwa na mwenyewe ni sheria gani. Akasema ni kwamba mchezaji ameacha, amekubali kushindwa, mchezo umekwisha. Nikamwambia haiwezekani, alikuwa hajashindwa, mimi sikumla hata malkia. Akaniuliza kwa nini sikumla. Nikamshukuru nikakata simu.

Jumanne hakutaka ubao. Nilipouleta aliusukuma. Nikakaa naye saa ile ya kula bila kitu mikononi, na saa ile ikawa ndefu kama zamani. Dada yangu akaja akamfuta midomo, akamkunjia shuka, kisha akaniuliza juu ya kichwa chake kama tumnyoe nywele kabla ya safari, kwa sababu hospitalini zitamsumbua. Mke wangu akanitazama. Ulikuwa uso ule ule wa Jumatatu, wa malkia. Hakumtazama dada yangu hata kidogo, alinitazama mimi, kuona nitamjibia nini.

Nilimwambia dada yangu aende nyumbani kwake apumzike, na nadhani nilisema kwa ukali, kwa kuwa alichukua kikapu chake akaondoka bila kumaliza chai.

Jumatano mchana sikula. Nilichukua ubao nikaweka kete kama zilivyokuwa. Sikujua kwamba ninakumbuka, lakini nilikumbuka kila mmoja alipokuwa, hata kile kifuniko cha chupa. Farasi wangu nikamrudisha alikotoka. Malkia wake nikamweka pale pale, mshazari mbele ya askari wangu. Nikaweka sinia mapajani mwake, naye akatazama ubao kwa muda mrefu, kisha akamsimamisha mfalme wake mwenyewe.

Nikamla malkia. Nikamtoa ubaoni nikamweka kando ya sinia kana kwamba nimemtoa yeye.

Akaitikia kwa kichwa kama mwalimu. Halafu akapigana. Sijawahi kuona mtu akipigana vile akiwa amepoteza malkia. Alinila ngome kwa farasi, akanifukuza askofu ubao mzima, mara mbili nikadhani amenishinda, na macho yake yalikuwa na ukali ule wa siku za kunisema. Mwishowe kete zake zikapungua, zangu zikabaki, mfalme wake akaenda kwenye pembe. Nikachunguza vizuri safari hii, nikahakikisha ametishwa kweli na hana pa kukimbilia. Kisha nikacheza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumshinda, na ikawa ya mwisho. Akaninyooshea mkono kama wachezaji wanavyofanya, nikaushika, nikalia bila kujificha, mzee mzima.

Nilipoweza kusema, nilimuuliza. Nilimuuliza yeye, nikimtazama machoni, kama anataka kwenda Nairobi kesho.

Akainua kiganja akakipeleka huku na huku.

Nikampigia mwenye gari pale pale mbele yake, nikamwambia asije. Kisha nikampigia binti yetu. Alipiga kelele, akaniuliza kama nimeshamkatia mama yake tamaa. Nikamwambia hapana, mama yako mwenyewe amesema haendi. Akauliza amesemaje na hana sauti. Nikaiweka simu kwenye sikio la mama yake, nikaishikilia, nao wakakaa hivyo, mmoja akilia huko Nairobi na mwingine akimsikiliza, mpaka simu ikaisha chaji mkononi mwangu.